Ion Țiriac

Ion Țiriac (amezaliwa Brașov, 9 Mei 1939) ni mfanyabiashara wa Romania aliyewahi kuwa mchezaji wa tenisi. Mwaka 1970 yeye na Ilie Năstase walishinda taji la wachezaji wawili wawili katika mashindano ya wazi ya Ufaransa.

Utajiri wake, hata hivyo, haukutokana na kucheza. Akiwa meneja wa Guillermo Vilas, na baadaye Boris Becker, alipata fedha na kujuana na matajiri wa Magharibi. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, Waromania wachache sana walikuwa na nafasi kama hiyo. Mwaka 1990 alianzisha benki binafsi, ya kwanza nchini baada ya ukomunisti. Wengi husifu ujasiri wake. Wananchi wenzake waliofungiwa ndani ya mipaka hawakuwa hata na mtaji wa kujaribu.