Chupa ya soda isiwe ya mafuta ya taa



Katika nyumba nyingi za mitaa yetu ipo chupa moja ambayo hakuna anayeizingatia. Iliingia ndani ikiwa na soda au maji ya kunywa, ikasuuzwa, kisha ikapelekwa dukani kununulia mafuta ya taa. Sasa imesimama nyuma ya mlango au karibu na jiko la mchina, na kifuniko chake kimelegea au kimekwisha kupotea. Mkubwa anajua kilichomo kwa kuwa ndiye aliyekitia. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anajua jambo jingine kabisa: kwamba chupa ya namna ile ndiyo aliyonyweshwa soda siku ya Idi.

Wiki hii tumeona tuizungumze chupa hiyo, kwa sababu madhara yake ni makubwa na kinga yake ni nyepesi.

Wengi wetu tunadhani ubaya wa mafuta ya taa uko tumboni, na kwa dhana hiyo tunakimbilia kumtapisha mtoto. Hapo ndipo tunapomwongezea balaa. Mafuta ya taa ni mepesi na hupenya upesi. Hatari yake kubwa iko katika mapafu. Mtoto anapopaliwa wakati wa kunywa, au anapotapika baadaye, kiasi kidogo tu kikipita katika njia ya hewa kinatosha kuyaunguza mapafu na kuyavimbisha. Kwa hiyo kidole kooni, maji ya chumvi na mawese, vyote hivyo havifai. Hata maziwa, ambayo bibi zetu wameyaamini miaka mingi kuwa yanavunja sumu, hayaondoi madhara ya mafuta ya taa. Yanalijaza tumbo na kumkaribisha mtoto na kutapika.

La kufanya ni hili. Mwondoeni mtoto karibu na moto. Mvueni nguo zilizolowa mafuta, muosheni ngozi kwa maji na sabuni, kisha mpelekeni hospitali au kituo cha afya bila kuchelewa, nanyi mmeichukua ile chupa ili mganga aone alichokunywa. Mpelekeni hata akiwa anacheza na kucheka, kwani kikohozi, homa na kuhema kwa shida huweza kuanza baada ya saa kadhaa. Mtoto anayekohoa mfululizo, anayepumua haraka au anayelegea asisubirishwe hata kidogo.

Miezi michache iliyopita, baada ya sala ya Magharibi, baba mmoja alifika msikitini kwetu amembeba mwanawe wa miaka miwili, akiomba asaidiwe fedha za maziwa. Mtoto alikuwa akihema kwa tabu na nguo zake zikinuka mafuta. Mmoja wa waumini aliyekuwa na gari akasema maziwa yaachwe, na wakaondoka saa ile ile. Mtoto alilazwa, akapewa hewa ya oksijeni, na baada ya siku chache akarejea nyumbani, alhamdulillahi. Baadaye tulipokwenda kuwajulia hali ndipo tulipoelewa kwamba mafuta yale yaliyanywewa tangu Alasiri. Binti anayewasaidia kazi alimwona mtoto akikohoa na chupa imelala ubavu. Akapangusa sakafu, akanyamaza, akihofu kufukuzwa. Mama aliporudi akanusa harufu, naye akasita kumwambia mumewe, kwa kuwa alijua swali la kwanza litakuwa: nani aliyeiacha chupa chini?

Ndugu msomaji, hapa ndipo lilipo somo tunalotaka tulizingatie sote. Saa zile mbili na zaidi hazikupotea kwa kukosa gari wala kwa kukosa fedha. Zilipotea kwa hofu. Nyumba ambayo kila ajali huanza kwa kumtafuta mkosaji, watu wake hujifunza kuficha, na sumu haimngoji anayeficha. Swali la kwanza na liwe: amekunywa nini, na saa ngapi? Hayo mengine yana wakati wake, mtoto akiwa salama. Na binti wa kazi aambiwe waziwazi, tangu siku anayopokelewa, kwamba akisema ukweli juu ya mtoto hatafukuzwa kwa ajili ya ukweli huo. Wakuu wa nyumba ndio wenye amri ya kulitamka neno hilo, nao wakilitamka walitimize.

Ama kuhusu kinga, hatutaki kumlaumu mtu kwa umaskini wake. Tunajua kwamba anayenunua mafuta ya mlo mmoja hana haja ya dumu la lita tano, na chupa tupu haina gharama. Tunajua pia kwamba aliyepanga chumba kimoja hana stoo ya kufunga kwa ufunguo. Lakini kidumu kidogo chenye kifuniko cha kukaza kinapatikana, na msumari mmoja ukutani, juu ya kimo cha mtoto aliyepanda kiti, unatosha kutundikia kapu la kukiwekea. Wenye maduka nao wanaweza kutusaidia kwa kukataa kumimina mafuta ndani ya chupa ya kinywaji.

Hukumu hiyo hiyo iyahusu maji ya betri, dawa ya madoa, dawa ya panya, na kostiki ambayo akina mama wa vikundi wanatengenezea sabuni. Kila kimoja kibaki katika chombo chake, mbali na vyakula. Aliyekunywa kostiki au maji ya betri naye asitapishwe, kwani kinachounguza kikishuka huunguza tena kikipanda.

Mtume wetu (s.a.w.) alituagiza tufunike vyombo na tuzime taa kabla ya kulala, akatutahadharisha na panya mdogo anayeweza kuwaunguzia watu nyumba yao. Mafunzo hayo yanatuonyesha kwamba kuangalia kilichoachwa wazi ndani ya nyumba ni sehemu ya dini yetu, wala si kazi ya mama peke yake. Basi kila baba anayesoma safu hii ainuke leo, kabla ya Isha, apite nyuma ya milango na chini ya meza za nyumba yake, na atakachokikuta huko akipandishe juu kwa mkono wake mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.