Kipande Kiko Karatasi Gani?

Binamu yangu yuko Kidato cha Tatu na anaweza kukutajia sababu tano za Wazungu kuigawana Afrika bila kupumua. Nimemsikiza juzi. Anafunga macho, anahesabu kwa vidole, akifika cha tano anayafungua kama mtu aliyevuka barabara ya Thika bila kugongwa. Nikamuuliza hiyo sababu ya nne inamaanisha nini hasa. Akaniangalia kama nimerukwa. "Si unaiandika tu? Kila moja ni alama moja."

Sina ugomvi naye. Sheria za mchezo amezielewa kuliko waliozitunga. Ugomvi wangu ni na sisi watu wazima, tuliochukua hadithi ya dunia nzima tukaikatakata kama sukuma, halafu tunashangaa mbona hakuna mtoto anayeweza kuiona ikiwa mboga moja.

Ebu tazama mtihani wenyewe. Karatasi ya Kwanza ni Kenya. Karatasi ya Pili ni kwingine kote. Kipande, kile cheti ambacho mwanamume Mwafrika alitembea nacho ndani ya kikopo cha chuma shingoni, kiko Karatasi ya Kwanza, kimebanwa kati ya kodi ya nyumba na kunyang'anywa mashamba. Sharpeville iko Karatasi ya Pili, chini ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Hakuna mahali mwanafunzi anaulizwa kama hawa wawili wanajuana.

Na wanajuana, tena sana.

Anza na kidole. Mwaka 1858, huko Bengal, afisa wa Kiingereza aitwaye William Herschel alimwambia mkandarasi mmoja aweke alama ya mkono wake mzima kwenye mkataba, asije akaukana baadaye. Kutoka hapo wazo likakua. Kufikia 1897 polisi wa Calcutta walikuwa na ofisi ya alama za vidole, na mpangilio wa kuzitafuta kwenye makabati ulitokana kwa sehemu kubwa na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ingawa sifa zilimwendea bosi wao, Edward Henry. (Hii nayo ni mada inayojirudia, lakini tuiache.) Mwaka 1901 ujuzi huo ukafika polisi wa London. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni hapa kwetu ikapitisha sheria ya kusajili wenyeji. Vita vikaichelewesha, na baada ya vita kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 akaanza kupigwa wino vidoleni.

Sasa soma kilichoandikwa ndani ya hicho kikopo. Jina, kabila, alama za vidole, halafu mwajiri, mshahara, siku ulipoanza kazi na siku ulipoachiliwa. Hapo pa kuachiliwa ndipo penye uhondo. Bila sahihi ya mwajiri wa kwanza, huwezi kuajiriwa na wa pili. Ukitoroka shamba la mzungu kwa sababu ya njaa au kiboko, namba yako inakufuata hadi Mombasa. Kumbe kipande hakikuwa tu "kero kwa Waafrika", vile notisi za marudio zinavyosema. Kilikuwa mashine ya kuweka mishahara chini, kwa kumfungia mfanyakazi mlango wa kutokea.

Mtoto akishaelewa mashine, mpeleke Ufaransa. Kuanzia 1803, chini ya Napoleon, mfanyakazi wa kiwandani alitakiwa kuwa na kijitabu ambamo mwajiri aliandika siku aliyoingia na siku aliyotoka. Bila kijitabu alihesabiwa mzururaji. Kilifutwa 1890. Huyo alikuwa mzungu, akidhibitiwa na mzungu mwenzake, kwa ujanja uleule uliokuja kutumika Kiambu na Uasin Gishu. Hapo mwanafunzi analazimika kufikiria: basi rangi ilikuwa na kazi gani hasa? Mbona Kenya ilikuwa shingoni, tena kwa Mwafrika peke yake? Hilo ni swali la historia. "Taja madhara matano" ni orodha ya dukani.

Vuka bahari uende Charleston, Marekani, ambako mtumwa aliyekodishwa mjini alitembea na beji ya shaba yenye namba, mwaka na aina ya kazi. Halafu nenda Urusi ya Stalin uone mambo yakigeuka. Mwaka 1932 watu wa mijini walipewa pasipoti za ndani, lakini wakulima wa mashamba ya pamoja wakanyimwa, na ni 1974 ndipo sheria ilipoanza kuwaruhusu kupewa. Bila pasipoti hukuweza kuhamia mjini. Yaani mmoja alifungwa kwa kupewa karatasi, mwingine kwa kunyimwa. Sijaona kitabu cha Kidato cha Nne kikiweka hayo mawili kwenye ukurasa mmoja.

Walimu niliowahi kubishana nao wana jibu, na si jibu la kupuuza. Wanasema ukifundisha kwa mada, tarehe zinapotea na kila kitu kinafanana: kipande ni pasi, pasi ni utumwa, utumwa ni kipande, tumemaliza, kengele imelia. Ni kweli, nimewahi kukaa katika mihadhara ya aina hiyo, watu wanapiga makofi na hakuna aliyejifunza kitu. Lakini mada ikishikwa vizuri ndiyo inayofanya tarehe iwe na maana. Mwaka 1952 serikali ya makaburu ilipitisha sheria ambayo jina lake lilidai inafuta pasi. Ilichofanya ni kuzikusanya zote katika kitabu kimoja kinene, na baadaye wanawake nao wakaandamwa. Ndiyo maana mnamo 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi Pretoria. Mnamo 21 Machi 1960 watu wa Sharpeville walikwenda kituo cha polisi bila pasi, ili wakamatwe. Polisi wakaua 69, wengi kwa risasi za mgongoni. Huwezi kuelewa kwa nini mtu ajipeleke kukamatwa kama hujui 1952.

Halafu kuna Rwanda. Wabelgiji waliandika kabila kwenye kitambulisho miaka ya 1930. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilitosha kukuua. Wale wanaotwambia kwamba historia ni somo la watu wa sanaa wasiopenda hesabu, wakae na hilo kidogo.

Na si mbali. Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakachujwa mmoja mmoja. Mwaka 1989 ilikuwa zamu ya Wasomali wa Kenya, wakapewa kadi ya ziada ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Wanubi wamepigwa msasa miaka na mikaka, na walipoona Huduma Namba inakuja 2019, shirika lao lilikuwa kati ya waliokwenda mahakamani. Hapa uzi unajipinda: babu zetu walitaka kukitupa kipande, na jirani yangu wa Kibera amekitafuta miaka mitatu, maana bila hicho hakuna laini ya simu, hakuna kazi, hakuna kura. Bado mtaani tunakiita kipande. Karao akikusimamisha usiku, neno ni hilohilo.

Sasa mtaala mpya umefika sekondari ya juu na somo limepewa jina jipya, Historia na Uraia. Jina zuri. Kama mtihani utaendelea kuomba sababu tano, watoto watatoa sababu tano.

Nilimweleza binamu yote haya tukiosha vyombo. Alinyamaza, halafu akauliza, "Na wasichana?" Nikamwambia wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa vitambulisho 1978, miaka 15 baada ya uhuru. Akaacha sufuria kwenye sinki, akaenda kumuuliza shosho. Shosho akasema alikipata akiwa na watoto wawili tayari, alipanga laini tangu alfajiri, na kwamba karani alimshika kidole akakizungusha kwenye wino kama cha mtoto. Kabla ya hapo, akasema, akiulizwa yeye ni nani alikuwa anatoa kitambulisho cha mume.

Binamu alirudi na kalamu.

"Hii," akaniuliza, "ni ya Karatasi gani?"