Kununua GPS: uliza ramani kwanza, bei baadaye



Mwezi huu, ku ukurasa huu wa vyombo na matumizi ya feza ya nyumba, tuzungumze juu ya masini ndogo inayoonyesha njia, ile inaitwa GPS. Zamani tuliiona paka mikononi mwa waenjinia wa kompani. Leo iko madukani, iko ku motokari, iko hata ndani ya telefone. Basi baba anauliza: ninunue ile ya motokari? Kijana anayekwenda porini anauliza: ninunue ile ya mkono? Na mama anayetunza feza anauliza: ya nini, na telefone tuko nayo? Swali la mama ni la kweli. Tutalijibu, lakini kwanza tufahamu masini yenyewe inafanya kazi namna gani.

Sateliti inasema uko wapi. Haisemi njia.

GPS ni kazi ya jeshi la Marekani. Sateliti ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mpango wote ulikamilika mwaka 1995. Mbele ya mwaka 2000 jeshi lilikuwa linaharibu kwa kusudi alama iliyotumwa kwa raia, na masini iliweza kukosea mita 100. Mwezi wa tano wa mwaka 2000 waliacha kufanya vile. Leo, mahali peupe, masini ya kawaida inakosea mita 5 hivi, pengine 10. Warusi wako na sateliti zao, Ulaya iko na zake, China vilevile, na masini mingi za sasa zinasikia zote.

Sateliti hizo ziko juu kilometa 20 200 hivi. Masini yako inazisikiliza kama redio. Ikisikia nne au zaidi, inapiga hesabu na kujua mahali ulipo. Yenyewe haitumi kitu juu, na kusikiliza hakulipishwi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba GPS ya kawaida inakula mega au inalipiwa kila mwezi, usimwamini. Kulipa kila mwezi ni kwa zile masini zingine zinazoweza kutuma ujumbe kwa sateliti.

Lakini angalia: hesabu ile inatoa namba tu. Ukiwa Lubumbashi itasema S 11 na kitu, E 27 na kitu. Barabara ya kwenda Likasi, daraja, kituo cha afya, soko, hivyo vyote viko katika ramani, nayo ramani ni kazi ya watu. Masini mingi zinazouzwa kwetu zimetoka Ulaya au Dubai, na ramani ya kule ndani yake. Ukiiwasha hapa, utaona kamshale kanatembea mahali peupe pasipo na njia hata moja. Feza imekwenda. Ndiyo sababu swali la kwanza dukani si bei. Uliza hivi: «Hii iko na ramani ya Kongo?»

Aina tatu, kazi tatu

*Ya motokari.* Kioo chake ni kikubwa, nayo inasema kwa sauti, ili shofere abakize macho barabarani. Hiyo ni faida kubwa. Lakini betri yake ni ndogo, inategemea moto wa motokari. Kama uko shofere wa kamio, ujue kamio kubwa mingi ziko na volti 24: uliza kama waya wake unakubali. Kutoka Lubumbashi kupita Likasi mpaka Kolwezi ni kilometa 300 hivi, na njia kubwa ni moja. Kwa njia hiyo peke yake huna lazima ya kununua masini. Inasaidia yule anayepeleka mizigo katika miji asiyoijua, hata ng'ambo ya Kasumbalesa.

*Ya mkono.* Hii ni ya pori: shamba la mbali, kutafuta mawe, kuokota uyoga wakati wa mvua. Ni ndogo, inavumilia kuanguka na maji, na nyingine zinatumia pile za kawaida unazopata hata ku kaduka ka mungini. Lakini tena, angalia ramani. Tuchukue mfano wa Garmin. eTrex 10 ya mwaka 2011 na eTrex 22x ya mwaka 2019 zinafanana kama mapacha: pile mbili, saa 25 hivi za kazi kwa neno la kiwanda. Lakini ya kwanza haikubali kuongezewa ramani, ya pili inakubali kadi ndogo yenye ramani. Mtu asiyejua ataangalia bei tu, na ataleta nyumbani ile isiyomfaa.

*Telefone.* Mama, hapa ndipo jibu lako. Telefone mingi za kioo ziko na GPS ya kweli ndani, nayo inafanya kazi hata bila unite na bila mega. Inachelewa tu kidogo mwanzoni. Kinachoomba mega ni ramani. Basi pakua ramani ya Kongo ungali mjini, kwa programu kama Organic Maps au OsmAnd, zinazopatikana bure. Zote mbili zinatumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanza Uingereza mwaka 2004 na inayotengenezwa na watu wa kujitolea. Ubaya wa telefone ni betri inayokwisha upesi, na kioo kinachopasuka. Mtu wa siku moja, inamtosha. Mtu wa siku tatu porini, haimtoshi.

Mbele ya kulipa

Muuzaji atasema: «Papa, iko muzuri, kamata tu.» Usikamate kwanza. Fanya hivi:

1. Toka nayo inje, mahali peupe. Ndani ya nyumba haisikii sateliti vizuri. Ikiwa imelala miezi mingi, inaweza kuomba dakika 12 au zaidi. Ngojea.

2. Tazama namba. Ikiwa inaonyesha mji mwingine, bado haijasikia kitu. Inakumbuka mahali pa zamani.

3. Tafuta jina la mtaa wako na njia ya kanisa lako. Zikikosekana, uliza ramani inaongezwa namna gani, na nani atafanya kazi hiyo.

4. Kama ni ya mtumba, tazama tarehe. Hesabu ya majuma ya GPS inarudi sifuri kila majuma 1024, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 mwezi wa nne 2019. Masini za zamani ambazo programu yake haikutengenezwa upya zinaweza kurudi nyuma karibu miaka 20. Ukiona hivyo, jua kwamba hakuna anayeitunza tena.

5. Fungua mahali pa pile. Ukiona kutu ya kijani, rudisha.

Mutego wa namba

Vijana, hapa shikeni sana. Namba zinaandikwa kwa namna mbili. Kolwezi iko ku digri 10 na dakika 43 kusini. Mtu akiandika hiyo kama 10.43, amekosea: digri 10 na dakika 43 ni 10.717. Kosa hilo dogo la nukta linakutupa kilometa 32 hivi upande wa kaskazini. Na herufi S usiisahau. Namba za Lubumbashi bila kusini zinakupeleka Sudan. Mukipashana namba kwa redio au telefone, musome pamoja na herufi, na mwenzako azirudilie.

Tena, mukiingia porini kwa uyoga au kuni, mutie alama pale motokari au kinga ilipobaki, mbele ya kupiga hata hatua kumi. Mawingu yakifunika jua, mtu anapoteza upande upesi, lakini mawingu hayazuii sateliti. Chini ya miti minene alama inapungua. Ngojeeni mahali peupe kidogo.

Isiyoweza kufanya

Ndani ya shimo na katika galeri GPS haisikii kitu. Asikudanganye mtu kwamba itakuokoa chini ya udongo.

Haijui kwamba daraja lilichukuliwa na maji jana. Kila kijiji unachopita, simama, salimia wazee, uliza njia.

Na juu ya mipaka, tuseme wazi, maana hapa watu wanagombana na hata kuumizwa. Kwetu haki za machimbo zinapimwa kwa miraba, kila mmoja hektari 84.955, na pembe zake zimeandikwa kwa namba. Koperative ya wachimbaji inaweza kutia katika masini namba za pembe za eneo lake lililokubaliwa na serikali, ili wajue kama wanakaribia konsesio ya kompani. Hiyo inaweza kuepusha mashitaka na risasi. Lakini masini inayokosea mita 5 au 10 haikati neno la mpaka. Ukiwa karibu na mstari, rudi nyuma. Na kati ya shamba lako na la jirani, usimwonyeshe kioo na kusema: «Sateliti imesema.» Iteni mpimaji, na wazee wakae pamoja nanyi.

Shauri letu

Jamaa isiyotoka sana mjini: telefone na ramani iliyopakuliwa, basi. Shofere wa safari za mbali: ya motokari, kama ramani ya nchi anazopita imo. Wanaolala porini: ya mkono, ya pile, inayokubali kadi. Hata hivyo si lazima kila nyumba iwe na yake. Koperative au kikundi cha vijana wanaweza kununua moja, kuitunza, na kuandika katika kaye nani ameichukua.

Nanyi vijana wenye telefone, kuna kazi ya bure inayowangoja: mutie katika OpenStreetMap njia za mtaa wenu, pompi ya maji, kituo cha afya. Mgonjwa akihitaji kupelekwa usiku, shofere asiyejua mtaa atapata njia kwa sababu ninyi muliichora.

*Ya kuzungumza nyumbani:*
– Safari gani za jamaa yetu zinaomba GPS kweli? Tuzihesabu kwa mwaka.
– Nani nyumbani anajua kusoma namba za mahali? Atafundisha nani?
– Mtu wetu akichelewa porini, tunajua alikwenda upande gani?

Bwana awalinde katika njia zenu. Tuonane mwezi ujao.