"Zima kiyoyozi, naganda!"

Wiki hii tuongee kitu kinachonunisha wapenzi wengi hapa mjini, na wala si simu wala nyumba ndogo. Ni kiyoyozi cha gari. Kaka anataka kipupwe, dada anasikia baridi, na kabla hamjafika Mwenge hakuna anayemsemesha mwenzake!

Yamenikuta Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili, masika imekolea. Tunatoka Kariakoo usiku, tumo wanne kwenye mkoko wa mshikaji wangu, tumelowa chapachapa, vioo juu. Shemeji yetu yuko kiti cha mbele, kajifunika kitenge mpaka kidevuni. Tulipofika Fire uvumilivu ukamwisha: "Zima hicho kiyoyozi, naganda!" Jamaa, si unajua mtu akipenda, akazima bila kubisha. Feni akaiacha inapuliza.

Haikupita dakika mbili kioo cha mbele kikawa cheupe pee! Jamaa akaanza kufuta kwa kiganja, mara kwa kitambaa, mara kwa mkono wa shati. Anafuta huku, ukungu unarudi kule. Taa za magari ya mbele zimekuwa madoa mekundu tu. Basi bwana, pale Magomeni mama mmoja anavuka barabara, mtoto mgongoni, mwavuli umepinduka kwa upepo, na dereva wetu hamwoni! Mimi nilikuwa nimeshusha kidogo kioo cha nyuma nipate hewa, ndiyo maana nikamwona. Nikapiga yowe. Breki! Gari likaserereka, likasimama kama hatua mbili tu kutoka kwake. Yule mama hata hakututukana. Alituangalia, akaweka kanga yake vizuri, akaenda zake. Kha! Ni heri angetutukana.

Kesho yake tukaenda kwa fundi mmoja wa viyoyozi vya magari kule Ilala. Alicheka mpaka akaweka spana chini. Akasema sisi watoto wa mjini tunadhani kazi ya kiyoyozi ni baridi tu, kumbe kazi yake ya pili ni kukausha hewa.

Mambo yako hivi. Ndani ya dashibodi kuna kitu kama rejeta ndogo, mafundi wanaiita evaporeta. Gesi ikipita humo inakuwa ya baridi kweli. Hewa yenye unyevu ikiigusa, unyevu unageuka matone, sawa na chupa ya soda ya baridi inavyotoka jasho ukiiweka mezani. Yale matone yanatoka kwa mpira mdogo na kudondoka chini ya gari. Ndiyo yale maji unayoyaona ukipaki, unakimbilia kwa fundi eti rejeta imetoboka! Hewa inayobaki ni kavu, na hewa kavu ndiyo inayolamba ukungu kwenye kioo.

Sasa angalia kosa letu. Mlipo watu wanne mmelowa, pumzi zenu na nguo zenu zinajaza gari mvuke. Ukizima kiyoyozi ukaacha feni, hata yale maji yaliyoganda kwenye evaporeta unayapuliza yarudi ndani. Usiku wa mvua, jamani, ndiyo wakati kiyoyozi kinatakiwa kiwashwe.

Kosa la pili ni kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojikunja ndani yake. Ukikiwasha gari linazungusha hewa ileile. Ni kizuri ukiwa nyuma ya lori linalotema moshi, au mchana gari likiwa tanuri na unataka lipoe haraka. (Hapo nako fungua vioo kwanza, tembea kidogo, joto litoke.) Lakini mkiwa wengi na safari ndefu mnavuta pumzi zenu wenyewe: vioo vinajaa ukungu na dereva anaanza kusinzia. Kizime, hewa ya nje iingie.

Na shemeji anayeganda je? Hapa ndipo nilipochoka. Kile kitasa chenye rangi ya bluu na nyekundu wengi wetu hatujawahi kukigeuza upande wa nyekundu, tunadhani kiliwekwa kwa ajili ya Wazungu na theluji yao. Kumbe unaweza kuacha A/C imewaka, ukasogeza kitasa kidogo kwenye nyekundu, hewa ikakaushwa kwanza, halafu ikapashwa moto na maji ya injini. Inatoka kavu na vuguvugu, na kila mtu anafurahi! Ukigeuza na joto halitoki, huenda fundi fulani aliwahi kuziba mipira ya hita. Muulize.

Wenye magari ya kuweka namba, weka 23 au 24 na uliache. Kushusha mpaka mwisho hakuleti baridi mapema zaidi, kunaleta ugomvi tu.

Kuna na ukungu wa kinyume, huu ni wetu watu wa pwani. Kioo kikipigwa baridi sana kwa ndani, unyevu wa nje unakigandia kwa nje. Utafuta weee, hautoki! Pitisha kidole kujua uko upande gani. Ukiwa wa nje, washa waipa, punguza baridi, na usielekeze upepo kwenye kioo.

Mengine ya haraka haraka. Gari likinuka kama soksi, ni kuvu kwenye evaporeta. Siku kavu zima A/C dakika chache kabla ya kufika na uache feni ikaushe. Na ukiambiwa gesi imeisha, kataa! Gesi haitumiki kama petroli, inazunguka mle mle. Ikipungua, kuna mahali panavuja.

Tushukuru pia kwamba tuna kitufe. Packard ya Marekani ilipoanza kuuza magari yenye kiyoyozi mwaka 1939, ukitaka kukizima kabisa ilibidi usimame, ufungue boneti na uvue mkanda kwa mkono. Mfikirie jamaa yetu kwenye mvua ile!

Juzi nimepanda tena ule mkoko, mvua ya kutosha, kioo cheupe hakuna. Shemeji ndiye aliyekaa na kitasa, anasogeza kidogo kidogo. Tulipofika Magomeni jamaa alipunguza mwendo, akawa kama anamtafuta mtu pembeni ya barabara. Hatukumuuliza.