Tusizime Sauti ya Mwongozaji

Sisi wa simuleta za bwenini tuna tabia moja: cha kwanza kuzimwa ni sauti ya mwongozaji ndege. "Anasumbua bana." Mtu anatoka Dar kwenda Kilimanjaro mawinguni, haoni nje, anasoma vyombo tu, anatua salama, kisha anajiita rubani.

Nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipoingia mtandao wa VATSIM, ambako waongozaji ni watu kweli, wanajitolea. Kwenye mpango wangu wa safari nilijaza futi 19,000. Nikaambiwa badilisha: ukielekea upande wa magharibi unachukua maelfu shufwa, witiri ni ya wanaokwenda mashariki. Yaani nilijipangia kimo cha anayetoka KIA kuja Dar! Kompyuta haikuwahi kuniambia hilo.

Halafu kuna kurudia maelekezo, ambako wengi tunaona ni maigizo. Machi 27, 1977, kule Tenerife kwenye ukungu, rubani wa KLM alikuwa amepewa njia ya kufuata baada ya kupaa, hajaruhusiwa kupaa. Akaondoka. Akaigonga ndege ya Pan Am iliyokuwa bado barabarani. Watu 583 walikufa.

Kwa hiyo napendekeza Jumamosi tunapokutana, mmoja wetu akae mnarani, hata kama mnara wenyewe ni kiti cha plastiki nyuma ya pazia. Zamu ya kwanza naichukua mimi. Njoo na mpango ulioandikwa, pamoja na mafuta ya kukufikisha uwanja mbadala. Asiyerudia maelekezo, haondoki.