Anayetumbuiza Sokoni Si Ombaomba

Mwimbaji au mcheza ngoma anayetumbuiza sokoni, kisha akapokea chochote ambacho watazamaji wamependa kumtuza, amefanya kazi na amelipwa. Huko Masisi na Walikale, kama kwingineko Kongo ya mashariki, wengi hawakubali. Husema huyo ni ombaomba mwenye ngoma, na kwamba kijana timamu angeshika jembe au angeteremka kwenye migodi ya koltani ya Rubaya. Kauli hiyo haina ukweli, na inapingwa na urithi wa Walikale yenyewe.

Mwaka 1956 Candi Rureke, mtu wa kijiji cha Bese, alimsimulia mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa siku 12. Mwindo ni shujaa wa Wanyanga wa Walikale, mtoto aliyezaliwa huku akitembea na kusema, ambaye baba yake, mtemi Shemwindo, alitaka kumuua. Msimulizi wa utendi huo hakai akasoma. Huimba, hucheza na kuigiza, mkononi ana kibuyu cha kutikisa, na kando yake vijana watatu hupiga kwa vijiti ubao mkavu uliolazwa chini. Hadhira huitikia na kupiga makofi, na onyesho likiwa bado linaendelea watu humtuza shanga, bangili na pesa. Hupewa pia chakula na pombe. Tuzo hizo ni sehemu ya onyesho, si aibu iliyobandikwa mwishoni. Kwa njia hiyo utendi ulidumu hadi Biebuyck na Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga, walipouchapisha mwaka 1969. Leo wanafunzi wa vyuo vya Marekani wanausoma. Je, waliomtupia msimulizi shanga walikuwa wakitoa sadaka?

Dharau yenyewe haina usawa. Katika muziki wa Kinshasa matajiri hulipa ili majina yao yatajwe ndani ya wimbo, desturi inayojulikana kama mabanga, na mwanamuziki anayepokea maelfu ya dola huitwa nyota. Anayepokea noti ya faranga 500 kwenye soko la Masisi huitwa mvivu. Kinachodharauliwa hapo ni umaskini wa watazamaji wake.

Wengine hudai kwamba sanaa ya barabarani huwabana wapita njia. Wanaobana watu wanajulikana: mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya utafiti ya Ubelgiji, walihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Kwenye kizuizi, mama aliyebeba maharage au msafirishaji wa makaa hutoa pesa kwa kuogopa bunduki, wala hapewi kitu. Mbele ya mcheza ngoma hakuna anayelazimishwa. Asiyependa huenda zake, na aliyependa hutoa baada ya kuona kazi, jambo ambalo hata mnunuzi wa dawa, anayelipa kabla haijamponya, hawezi kulifanya.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya uanafunzi. Mmoja wa wale vijana watatu aghalabu ni mtoto wa msimulizi au mwanafunzi wake, na hujifunza utendi huku akipiga ubao. Akitukanwa kwa kupokea tuzo, ataacha vijiti na kwenda kuchimba koltani, na kitabu cha mwaka 1969 hakitamfundisha mwingine namna ya kuucheza.