Msiwafungie Kuku Hewa Wakati wa Baridi



Kuanzia Juni mpaka Agosti mawingu hulala juu ya nchi yetu hii ya Ruiru na Thika, na hapa Kahawa Sukari ziko siku ambazo jua halionekani kabisa. Wenzetu wa mashamba ya skimu kule Kinangop na Ol Kalou, yaliyogawanywa katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, wanayo baridi kuliko hii. Wao huamka alfajiri wakakuta sakitu imechoma viazi.

Wakati huo ndipo mwenye kuku hutafuta magunia, nailoni na misumari, akaziba kila tundu la nyumba ya kuku. Hufanya hivyo kwa huruma. Lakini maoni yangu ni kwamba kuku wakubwa wanaokufa kwa kufungiwa hewa ni wengi kuliko wanaokufa kwa baridi yenyewe.

Nayasema haya kwa kuwa nimeyatenda. Mwaka mmoja niliziba nyumba yangu ya kuku mpaka hata mwanga haukupenya. Baada ya majuma mawili mabati yalikuwa yakidondosha maji kila asubuhi kama kwamba mvua imenyesha ndani. Kuku wakaanza kukoroma na kutokwa na kamasi, na wanne wakafa. Nikamwita bwana mifugo. Alitia kichwa mlangoni, akakitoa upesi huku macho yakimchuruzika, akasema, “Mzee, humu hata mimi nisingelala.”

Maji yale hayakutoka mbinguni. Yalitoka katika pumzi za kuku na katika kinyesi chao. Kinyesi kikikaa katika unyevu hutoa hewa kali inayochoma macho na kuharibu mapafu, na maradhi ya kifua hupata njia. Maranda yaliyolowa nayo hulea wadudu wa ugonjwa wa kuhara damu.

Sasa tumtazame kuku mwenyewe, maana anajua kujilinda. Joto la mwili wake ni kama digrii 41, kupita letu. Baridi ikizidi hutunisha manyoya ili yashike hewa ya joto karibu na ngozi. Husimama kwa mguu mmoja, ule wa pili ameuficha tumboni, na usiku huingiza kichwa chini ya bawa. Akilala juu ya ubao mpana kidogo, huchutama akafunika vidole vyote kwa manyoya ya kifua. Tena hula zaidi, kwa kuwa chakula ndicho kuni zake.

Katika jimbo la Minnesota kule Marekani, ambako Wakenya wengi wamehamia, theluji hufunika ardhi kwa miezi. Kuku wa huko husimama mlangoni wakiitazama, wakasita kuikanyaga, na wengi hurudi ndani. Lakini hawafi, madhali nyumba ni kavu na upepo hauwapigi. Undu, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, huweza kuungua kwa baridi, na huungua upesi zaidi pale nyumba inapojaa unyevu. Ikiwa kuku huvumilia hali hiyo, Julai yetu haiwezi kumshinda kuku mzima mwenye manyoya kamili.

Wengine watauliza, “Mbona basi mayai hupungua?” Kule Ulaya mayai hupungua hasa kwa sababu mchana wa majira ya baridi ni mfupi sana. Sisi tu karibu na ikweta, na mchana wetu wa Julai hupungua kwa dakika chache tu. Kwetu sababu kubwa ni chakula. Kuku aliyepewa kipimo kile kile cha Februari hukitumia kwanza kujipasha joto, na kinachobaki ndicho cha yai. Basi mwongezeeni chakula, na jioni kama saa kumi na moja mpeni konzi ya mahindi yaliyovunjwa, apate kuyasaga tumboni usiku kucha. Asubuhi mpeni maji yenye uvuguvugu, kwa sababu maji yakiwa baridi sana hunywa kidogo, na asiyekunywa hatagi.

Kuhusu nyumba, zibeni upande unaopigwa na upepo, tangu chini mpaka juu ya vichwa vya kuku waliolala. Chini ya paa acheni wazi nafasi ya shubiri moja au mbili, ili hewa yenye unyevu ipande na kutoka. Maranda yaliyolowa yatolewe siku ile ile.

Vifaranga ni habari nyingine. Hawana manyoya kamili, na majuma ya kwanza hawawezi kujitunzia joto. Wao lazima wapashwe moto, nao wenyewe watawaambia kama unatosha. Wakirundikana chini ya moto, wanaona baridi, na wa chini watakosa pumzi wafe. Wakikimbia mbali huku midomo wazi, joto limezidi. Wakijikusanya upande mmoja tu, kuna upepo unaoingia upande wa pili. Wakitawanyika wakila na kulala, wako sawa. Pembe za chumba zizungushwe kwa katoni, wasipate mahali pa kurundikana.

Lakini nawasihi sana, akina mama hasa, kwa kuwa kazi hii mara nyingi ni yenu: msichukue vifaranga na jiko la makaa mkalala nao chumba kimoja kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta usingizini huenda asiamke. Kila msimu wa baridi husikika habari za jamaa waliokutwa wamekufa hivyo. Hakuna kifaranga mwenye thamani hiyo. Jiko likae katika chumba cha vifaranga peke yake, penye tundu la hewa, na watu walale kwingine.

Kesho kabla ya mapambazuko, ingieni katika nyumba ya kuku, mfunge mlango, msimame humo kwa muda wa kuhesabu mpaka mia. Macho yakiwasha, au mkono ukigusa bati ukalowa, fungueni nafasi ile ya juu siku hiyo hiyo. Msingoje Agosti ipite, maana kuku walioanza kukoroma hawatangoja.